Maziwa ya Kifua

Watu wa Kamenu waliokaa karibu na ule msikiti mdogo wa mabati waliijua pumzi ya Uthman kabla ya kumjua Uthman mwenyewe. Wapo waliohamia mtaani, wakakaa mwaka mzima wakimsikia akiadhini, na siku walipoonyeshwa muadhini wakakataa. Walitarajia jitu la kifua kipana. Walionyeshwa mtu mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na saba, ndevu chache, mikono iliyopasukapasuka, anatoka kazini ananuka kuku.

Sauti yake haikuwa ya ajabu. Wapo wenye sauti tamu kuliko yake hata hapo Thika. Ila alikuwa na pumzi. Alipofika pale pa "Hayya alal-falaah", neno la mwisho alilivuta likatoka dirishani, likapita juu ya mabati na kamba za nguo, likavuka kiwanja cha mpira, na bado lilikuwa moja, halijakatika. Akina mama wauza mboga kwenye vibanda vya njiani, wengi wao wa kanisani, walikuwa na mzaha wao juu yake.

"Hapo alipo," mmoja angesema, "mimi nishakaanga yai."

"Geuza upande wa pili," angejibu mwenzake. "Bado hajamaliza."

Uthman aliusikia mzaha huo na ulimpendeza zaidi ya sifa. Kazi ya kuadhini aliirithi kwa baba yake. Babu yake alikuwa Mdigo aliyefika Thika na reli, akaoa Mkikuyu aliyesilimu. Mama yake alikuwa Mkamba. Mtu akimuuliza kabila alijibu, "Mimi wa hapa msikitini," na hakuwa anatania. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na mkewe Mwanamisi, na pumzi hiyo.

Kazi ya mkate aliifanya katika yadi ya Mburu, ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Mburu alitengeneza mbolea za asili za bustani. Kwenye banda la kwanza mifupa ya machinjioni ilichemshwa katika mapipa, ikaanikwa, kisha ikasagwa kwa mashine iliyokuwa banda la tatu mpaka ikawa unga mweupe. Banda la pili lilikuwa la damu, iliyokaushwa juu ya mabati hadi ikawa chenga nyeusi. La tatu, kubwa kuliko yote, lilikuwa la samadi ya kuku. Ililetwa na malori kutoka mabanda ya kuku ya Ruiru, ikarundikwa, ikageuzwa kwa koleo kwa wiki kadhaa, ikaanikwa, kisha ikachekechwa. Ilifungwa katika mifuko mizuri yenye picha ya waridi na kupelekwa kwa watu wenye bustani.

Kuchekecha ndiyo kazi iliyokimbiwa. Mtu alisimama mbele ya chekeche kubwa la waya lililoning'inizwa kwa kamba, akalisukuma na kulivuta kutwa nzima, na vumbi likapanda mpaka likafunika paa kwa ndani. Mchekechaji ungemtambua kwa kope zake. Zilikuwa za rangi ya majivu.

Uthman aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Alikuwa amewekwa kwenye mashine ya kusaga mifupa, kazi iliyo afadhali kidogo, lakini mashine ilitaka watu wawili wasioondoka. Akaenda kwa Mburu, kofia mkononi.

"Nihamishe, nipeleke kwenye chekeche."

"Haiya!" Mburu alicheka. "Mzee, watu wananilia niwatoe huko, wewe unalia nikuingize?"

"Mashine hainingoji nikaadhini. Chekeche litaningoja."

Mburu alimtazama, akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Angekuwa hivyo, mambo yangekuwa rahisi. "Sawa. Dakika ishirini Adhuhuri, dakika ishirini Alasiri. Na biashara ikinyooka nitajua ni wewe umeniombea."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka tisa. Uthman aliacha chekeche likiyumba, akapiga mbio kuvuka kiwanja, akanawa kope, akasimama mbele ya kipaza sauti, na vumbi la kuku likiwa bado liko puani.

Kila siku saa nne asubuhi kreti la maziwa lililetwa yadini. Kila mfanyakazi alipewa pakiti moja ya nusu lita. Yaliitwa maziwa ya kifua. Hakuna aliyejua nani alianza kuyaita hivyo, kwa sababu Thika nzima ilijua kwamba mtu wa kazi ya vumbi, iwe ya saruji, iwe ya pamba, iwe ya rangi, hunywa maziwa. Maziwa hulikusanya vumbi kifuani na kuliteremsha nalo chini. Baba za watu walikunywa. Mburu alijisifia nayo mbele ya wageni: "Watu wangu nawatunza. Kila siku maziwa." Habari za barakoa hazikuzungumzwa, na nani angezizungumza, wakati dawa inaletwa kwa kreti?

Wenzake walizipasua pakiti zao kwa meno na kunywa wakiwa wamesimama. Ya Uthman iliingia mfuko wa koti. Chai ya rangi ilimchoma Mwanamisi tumbo, naye alipenda chai nzito ya maziwa, ile inayoacha utando juu. Kila jioni Uthman aliweka pakiti mezani.

"Umetoa wapi?" aliuliza mkewe siku ile ya kwanza.

"Tunapewa kazini."

Hakuuliza tena. Kwa miaka tisa aliichemsha, akaimimina, akainywa, na mumewe aliketi mbele yake akiufurahia ule utando.

Kule yadini aliyeizoea pumzi ya Uthman kuliko wote alikuwa Jentrix, mama wa Bungoma aliyefanya kazi kwenye mashine ya mifupa. Alikuwa na binti mmoja, Naliaka, aliyekuwa darasa la pili na kutoka shule saa kumi. Jentrix hakuruhusiwa kuondoka, kwa hiyo saa hiyo alimpigia jirani simu amchukue mtoto. Alikuwa akisahau. Mpaka siku moja ya mapumziko, zamani, aliposimama ukutani mwa msikiti na kuirekodi adhana ya Alasiri kwenye simu, akaifanya kengele yake ya saa kumi kasorobo.

"Hiyo si wimbo, Jentrix," Uthman alimwambia, nusu amekasirika.

"Najua si wimbo, mzee. Wimbo ningeuzima nirudi kwa kazi. Wewe siwezi kukuzima, naona aibu."

Akamwacha. Moyoni alifurahi.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa mwaka uliopita, baada ya mvua za vuli. Kilikuwa kikavu na hakikuleta kitu. Jioni, akishamaliza Magharibi, baridi ilimwingia mifupani, kichwa kikagonga, homa ikapanda. Asubuhi aliamka mzima, kama mtu aliyeota. Alipima malaria, haikuonekana. Alinunua vidonge duka la dawa, akameza, akanunua vingine. Idi ilipofika malori hayakuleta samadi, Mburu akafunga yadi siku kumi, na katika siku hizo kumi Uthman hakukohoa hata mara moja. Akadhani amepona. Siku tatu baada ya kurudi kwenye chekeche, homa ilikuwa imekaa tena kitandani kabla yake.

Siku aliyokatika ilikuwa Jumanne. Alasiri, mbele ya kipaza sauti, alilianza lile neno kama siku zote, na nusu ya njia hewa ikaisha. Haikupungua polepole, iliisha, kama bomba likifungwa. Akasimama, akavuta, akamalizia kipande kilichobaki. Mtaa mzima ulisikia ule mvuto.

Akirudi yadini alipita kwenye vibanda, na mama mmoja, bila ubaya wowote, akamwambia, "Mzee Uthman, yai la leo tumelila bichi."

Wakacheka. Na yeye alicheka. Kisha alikwenda nyuma ya banda la damu akashika ukuta mpaka pumzi ikamrudia.

Ikawa Jumatano, ikawa Ijumaa. Neno lilikatika mara mbili, mara tatu. Imamu wa msikiti, waliyemwita Maalim, alimngojea mlangoni mtu wa mwisho alipotoka.

"Uthman, unaumwa."

"Ni mafua, Maalim."

"Mafua ya miezi sita? Sikiza, ndugu yangu. Kukatika si dhambi. Lakini jana ulinyamaza katikati mpaka watu wakanyanyua vichwa. Walidhani umeanguka. Nataka Mahir ashike kwa muda."

Mahir alikuwa fundi simu, mwenye sauti safi na haraka. Uthman alilitazama zulia.

"Nipe mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja," alisema Maalim. "Lakini upone kweli. Usije ukanificha."

Basi huo ndio ulikuwa mwezi wake, na alijua anachokitafuta: hewa ya kulifikisha neno moja mwisho.

Wiki ya kwanza Jentrix alikuja kumjulia hali nyumbani, na ndizi mkononi. Mwanamisi alimkaribisha, akampa chai, akajimiminia na yeye. Waliongea habari za shule na za maji. Kisha Jentrix akasema, bila kujua anafungua nini:

"Mama, umwambie huyu mzee anywe maziwa yake. Sisi kazini hatumwoni akifungua pakiti. Ndiyo maana kifua kimeziba."

"Maziwa gani?"

"Si yale ya kifua? Ya kutoa vumbi?"

Mwanamisi alitazama kikombe mkononi mwake. Utando ulikuwa umeanza kujikunja juu. Alikiweka chini polepole, mbali naye, kama kitu cha mtu mwingine.

Jentrix alipoondoka, alisema, "Miaka tisa, Uthman."

"Ni maziwa tu."

"Miaka tisa nakunywa kifua chako, na wewe umekaa hapo unanitazama."

Toka siku hiyo hakuonja maziwa. Alikunywa chai ya rangi na tumbo likamchoma, na alionekana kutaka limchome. Kila jioni alimkagua mfukoni kama pakiti ya kazini ameinywa; nyingine alinunua dukani akamnywesha jioni, amesimama mbele yake mpaka tone la mwisho. Uthman alikunywa. Alikunywa kama mtu anayelipa. Tumbo lilijaa na kunguruma, na kifua kilibaki palepale. Wiki ya pili iliisha akiwa hawezi kuvuka kiwanja kwa mbio. Alitembea, na akina mama wa vibandani waliacha mzaha, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

Siku moja ya wiki ya tatu mpakuzi wa gari hakuja, na Mburu akamtuma Uthman aende na dereva hadi mtaa wa Kahawa Sukari kupeleka mifuko kumi na miwili. Nyumba ilikuwa ya muuguzi mstaafu aitwaye Mourine. Alikuwa na waridi mpaka getini. Alitoka akiwa amevaa glavu nene na barakoa ngumu iliyombana uso, akaonyesha kwa kidole.

"Baba, panga pale kwa kivuli. Polepole tafadhali."

Mfuko wa tano ulipasuka pembeni. Samadi ilimwagika na vumbi likapanda. Uthman alipiga magoti akaanza kuizoa kwa viganja, uso wake juu kabisa ya rundo, akaukusanya unga kwa upande wa mkono kama mtu anayekusanya chumvi.

"Wacha!" Mourine alirudi nyuma hatua mbili. "Wacha, inuka! Wewe huvai kitu?"

"Madam, sisi tumezoea."

"Mikono ndiyo huzoea. Mapafu hayazoei." Kikohozi kikamshika pale pale, na mama yule akamsikiliza, kichwa upande, kwa namna ambayo watu wa hospitali husikiliza. Akangoja kiishe. Kisha akauinua mfuko mzima akamwonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma. "Na hii umewahi kuisoma?"

Uthman aliijua karatasi ile kuliko mtu yeyote Kenya. Siku za mvua, samadi ikiwa mbichi haichekecheki, walikaa kwenye viti vya mbao wakaibandika, mamia kwa mamia, na yeye alisifiwa kwa kuibandika bila kukunja. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Chini kulikuwa na picha ndogo ya mtu aliyefunikwa pua na mdomo.

"Hiyo ni ya mambo ya Korona, madam."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Karatasi zilichapishwa miaka ile, kila mlango ulikuwa na picha kama hiyo, naye akaelewa kama anavyoelewa kila mtu.

Mourine alimsomea, neno kwa neno, akiligeuza kuwa Kiswahili kadiri alivyosoma. "Vaa barakoa na glavu. Usivute vumbi lake. Usishike ikiwa una kidonda. Nawa mikono kabla ya kula. Fungulia mahali penye hewa." Akamtazama. "Mimi natumia kikombe kimoja kwa kila ua, mara mbili kwa mwaka. Wewe unashinda ndani yake?"

"Nachekecha, madam. Miaka tisa."

Alimuuliza maswali mengine, ya homa, ya saa inayoanza, ya siku anazopata nafuu. Uthman alimwambia habari ya Idi. Mama yule aliingia ndani akarudi na karatasi aliyoiandika, akaikunja. "Mpe daktari hii. Usiseme una kikohozi tu, utapewa dawa ya kikohozi. Mpe hii."

Hospitali kubwa ya serikali pale Thika alingoja toka asubuhi mpaka baada ya Adhuhuri. Walimpiga picha ya kifua, wakampulizisha bomba, wakamrudisha kwenye benchi, wakamwita. Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka, akaisoma karatasi ya Mourine mara mbili.

"Mzee, hii si TB. Mwili wako umelikataa vumbi la samadi ya kuku. Ukilivuta, mapafu yanavimba ndani. Hiyo ndiyo homa yako ya jioni. Ukikaa mbali yanatulia. Ndiyo ile Idi yako. Ukirudi yanavimba tena, na kila yakivimba yanaacha kovu."

"Na kovu linapona?"

"Kovu halipumui, mzee. Lililopo litabaki. Nitakupa dawa ya kutuliza, lakini dawa kubwa ni kutoka kwenye vumbi. Ukitoka leo, pumzi nyingine itarudi, si yote. Ukibaki, hata hiyo uliyonayo itaondoka."

Uthman aliinamisha kichwa. Alitaka kuuliza jambo moja na aliona haya.

"Na maziwa?"

"Maziwa gani?"

Akamweleza. Daktari aliweka kalamu chini.

"Maziwa yanaingia tumboni. Mapafu yana njia yake. Maziwa yakifika kwenye mapafu utakuwa umezama. Hayatoi vumbi, hayajawahi kulitoa."

"Kwa hiyo mke wangu…"

"Mke wako amekunywa chai tu."

Alidhani atamletea Mwanamisi furaha. Njia nzima alizipanga hizo habari njema kinywani. Alipozisema, Mwanamisi alikaa kitako, akafunika uso kwa leso, akalia kilio ambacho hakukilia siku ile ya kikombe. Mumewe alishangaa, mpaka akaelewa. Lilipokuwa kosa la mkewe, lilikuwa na dawa: angeacha maziwa, angemrudishia. Sasa hakukuwa na cha kumrudishia.

"Hata ungekunywa yote?" aliuliza.

"Hata ningekunywa lori zima."

Kuacha kazi alikufikiria usiku kucha. Lakini nani hapa Thika atamwandika mtu wa miaka hamsini na saba anayekohoa? Asubuhi alikwenda kwa Mburu, kofia mkononi kama mara ile ya kwanza, akampa barua ya daktari, akamwomba mambo mawili. Atolewe kwenye banda la kuku, na wote wanunuliwe barakoa ngumu kama ya yule mama wa Kahawa Sukari.

"Maziwa hayasaidii," alisema. "Daktari amesema hayafiki kifuani kabisa. Tumedanganyana."

Mburu aliisoma barua yote. Hakukasirika. "Pole, mzee. Kweli pole," alisema, akaikunja vizuri na kumrudishia. "Niachie nifikirie."

Jumatatu saa nne kreti halikuja. Mburu alisimama mlangoni mwa banda, akawaita wote, sauti yake ya upole.

"Mzee Uthman ametusaidia. Amekwenda kwa daktari, na daktari amesema maziwa si dawa ya vumbi. Mimi nilikuwa nayaleta kama dawa. Sasa kama si dawa, nitaendelea kuwadanganya? Nimeacha. Barakoa hizi hapa."

Aliweka mezani boksi la zile barakoa nyembamba za buluu, zilizobaki tangu Korona, pembe zake zimeliwa na panya.

"Si hizi nilizosema," Uthman alijaribu. "Ni zile ngumu…"

"Tuanze na hizi, mzee. Mambo ni polepole. Na wewe nimekutoa kwenye chekeche, kama ulivyoomba. Utakuwa unabandika karatasi. Kazi ya kukaa."

Kiti cha kubandikia kilikuwa ndani ya banda lile lile, hatua nane kutoka kwenye chekeche, ambalo sasa lilisukumwa na Kisilu, Mkamba mwenye nguvu aliyekuwa na ahadi ya kuoa mwezi wa nane. Barakoa ya buluu Kisilu aliivaa hadi saa sita. Ilipolowa jasho ikamganda puani, akaitupa.

Hakuna aliyemtukana Uthman. Walipita tu. Wale waliomwita mzee walimpita kama wanavyopita gunia. Jentrix peke yake alisimama mbele yake, mikono kiunoni, unga wa mifupa umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, uliambiwa uende ukaseme?"

"Hayakuwa dawa, Jentrix. Tulikuwa tunajidanganya."

"Nani alikuambia natafuta dawa?" Sauti ilipanda, akaishusha. "Hayo maziwa yalikuwa ya Naliaka. Mimi hizo siku zote napasua pakiti na meno, nagusa mdomo hivi, nafunga na mpira naweka kwa mfuko. Ulidhani ni wewe tu uko na mtu nyumbani?"

 Uthman alifungua mdomo na kilichotoka ni kikohozi.

Mwezi wa Maalim uliisha Ijumaa. Uthman hakungoja kuambiwa. Kabla ya Alasiri alimshika Mahir mkono, akampeleka mbele, akamrekebishia kipaza sauti kidogo, maana Mahir alikuwa mrefu. "Usiharakishe pale pa falaah," alimwambia. "Watu hapo hukungoja." Mahir alisema ndiyo, na alipofika pale pa falaah aliharakisha.

Wiki iliyofuata Uthman hakutoka yadini Alasiri. Zile dakika zake ishirini Mburu hakumnyima, ni yeye ambaye hakuzihitaji tena. Angesali palepale baadaye, kwenye kona, juu ya gunia safi. Alikaa kwenye kiti chake na rundo la karatasi pajani, chekeche likienda na kurudi, mwanga wa mlango ukiwa umejaa vumbi la kahawia. Kisilu alikohoa mara moja, kikohozi kikavu, akatema pembeni.

"Umekohoa," Uthman alisema.

"Ah, mzee. Usinianzie."

Saa kumi kasorobo simu ya Jentrix ilianza kulia kule alikoitundika msumarini, karibu na mlango. Ilikuwa sauti yake Uthman, ya miaka ile, safi, na nyuma yake kelele ya kuku wa mtu na pikipiki ikipita. Kwa siku saba zilizopita Jentrix alikuwa akiizima mara ilipoanza, bila kumtazama mtu. Leo mikono yake ilikuwa ndani ya gunia la mifupa. Aliivuta, akaikung'uta, akapiga hatua mbili kuiendea simu, akasimama.

Hakuizima. Mashine ilikuwa imesimama kungoja gunia lingine, na Kisilu, bila kuambiwa, alilishika chekeche lisiyumbe.

Uthman aliifuata kwa midomo, bila kutoa sauti, kama anavyofanya mtu yeyote anayesikia adhana. Ilipofika pale pa falaah, alivuta hewa nayo, yule wa kwenye simu na yeye wa kwenye kiti, kwa pamoja, wakalianza neno. Hewa yake ilimwishia mapema sana. Alifunga mdomo. Kwenye simu neno liliendelea kwenda, likavuka banda, likatoka mlangoni kwenda kule kiwanjani, na kila mtu mle ndani alisimama akalingoja limalizike.

Lilipokwisha, Jentrix aliichukua simu, akampigia jirani habari ya mtoto, akarudi mashineni. Kisilu akaliachia chekeche. Vumbi likapanda.

Uthman alilamba kidole, akachukua karatasi ya juu yenye picha ya mtu aliyefunikwa pua na mdomo, akaitia gundi, akaibandika nyuma ya mfuko wa waridi. Aliilainisha kwa kiganja mpaka pembeni, bila kukunja.